Donatus Amwambia Limi ni "Thin"

Kiangazi cha mwaka 1953, Limi wa kijiji cha Didia, Usukumani, alipata barua kutoka kwa mchumba wake Donatus, karani wa mgodini kule Geita. Barua nzima ilikuwa ya Kiswahili, ila mwishoni jamaa alishindwa kuuzuia usomi wake: "Nakupenda kwa kuwa u thin."

Limi hakulijua neno hilo. Akaenda kumuuliza mwalimu Euphrasia, ambaye alisoma huku akibana midomo asicheke.

"Thin ni mwembamba," alisema, "lakini mara nyingi ni wembamba wa njaa au wa kuugua. Mtu anayependeza kwa wembamba wake huitwa slim. Nadhani ndilo alilokusudia."

"Kwa hiyo ameniambia nimekonda."

"Kama ng'ombe wa mwezi wa kumi, nyasi zimekwisha."

Limi alirudi nyumbani akicheka peke yake, ingawa neno lilikuwa limemchoma kidogo. Usukumani, msichana akiambiwa amekonda ni kama kwao wanalala njaa. Barua hakuijibu.

Wiki mbili baadaye Donatus akafika mwenyewe, shati limenyooka kwa pasi. Baada ya shikamoo na marahaba, Limi alileta ugali na maziwa mgando, akaviweka mbele ya mgeni, kisha akavivuta upande wake na kumega tonge.

"Limi," mama yake alishtuka, "mgeni hata hajanawa."

"Mgeni ameshiba, mayu. Aliyekonda ni mimi. Ameandika mwenyewe, kwa Kiingereza."

Donatus alianza kutokwa jasho. "Mama, nilimaanisha ana umbo zuri. Kamusi yangu ni ndogo."

"Hiyo ni slim," Limi alisema kwa upole. "Na sisi tunaye mwembamba, tunaye aliyekonda, hata mtoto hawachanganyi hao wawili. Ungeandika Kiswahili, sasa hivi ungekuwa unakula."

Mama aligeuka ukutani, mabega yakimtikisika kwa kicheko. Limi akamrudishia mgeni chakula.

Donatus alikula kama mtu aliyefunga siku tatu. Limi akaona mifupa ya shingo ilivyomtoka. Mgodini alijipikia mwenyewe, tena ovyo. Bila kuulizwa akamwongezea maziwa.

"Na mimi," Donatus aliuliza chini chini, "ni slim?"

Limi alimtazama bila haraka. "Wewe ni thin. Lakini hilo lina dawa."

Mwezi uliofuata wazee walikaa kuzungumza mahari.