Maziwa Yanasafisha

Mume wangu ni msimamizi wa kibanda cha kuchomea dhahabu, na ubishi wake haujapatiwa dawa. Mdogo wake ndiye aliyekuwa mchomaji: donge la dhahabu na zebaki linawekwa kwenye kikaango juu ya makaa, zebaki inapaa kama mvuke, dhahabu inabaki. Nilipouliza kuhusu ule mvuke, mume wangu alinijibu, "Kisichonuka hakidhuru. Halafu nawapa vijana wangu maziwa. Maziwa yanasafisha."

Shemeji yangu alikuwa mchapakazi wa kupigiwa mfano. Kisha akaanza kupoa. Akavaa sweta juani, uso ukavimba, sauti ikakwaruza, akawa anasinzia mbele ya makaa. Wenzake wakamwita Kobe. Mume wangu, badala ya kumtetea nduguye, akalidaka jina. Siku alipomkuta amelala kazini alimfukuza mbele ya watu.

"Maziwa yangu unakunywa, kazi hufanyi. Nenda kalale kwenu."

Kwenu wapi, na wametoka tumbo moja? Nilikasirika mpaka nikashindwa kula.

Kikaango akakishika mume wangu mwenyewe. Mwaka haukuisha, naye akawa anaomba blanketi mchana. Nilimburuta hospitali huku akinung'unika kuwa ni uchovu tu. Daktari alimpapasa shingo, akampima damu, akasema tezi ya shingoni imelegea, nayo ndiyo inayouendesha mwili, joto na nguvu. Akamuuliza kazi yake. Aliposikia zebaki alisema mvuke wake hauna harufu, na huenda ndio ulioichokoza tezi.

"Na maziwa?" mume wangu akauliza.

"Maziwa ni chakula tu, mzee. Dawa ipo, ila anayechelewa ndiye anayeumia zaidi."

Tulipofika getini akasimama. "Kumbe hakuwa mvivu," akasema, na machozi yakamtoka.

Tulikwenda moja kwa moja kumchukua nduguye tumpeleke kwa daktari. Alitufungulia mlango taratibu, shingo imetuna, miguu imejaa, anahema. Hakuuliza tumefuata nini. Alimtazama kaka yake, akaona naye sasa amevaa sweta, akajikokota ndani na kurudi na glasi imejaa maziwa.

"Kunywa, kaka," akasema kwa ile sauti yake ya kukwaruza. "Mimi sijaacha hata siku moja, kama ulivyoniagiza. Nikishasafika, nitarudi kazini."