Binafsi au Biashara

…na boti ikiwa ya biashara kodi inashuka, hilo alilielewa tangu mshauri wa kodi alipolitamka mara ya kwanza, hakukuwa na haja ya kulirudia kama anafundisha chekechea, mwanamke anayeendesha kiwanda cha kuchapa vitabu vya shule aelezwe kodi ni nini, yeye na kodi ni paka na panya miaka yote, "Kwa hiyo mama, niandike matumizi binafsi au biashara?" mshauri aliuliza, kidole kikiwa juu ya kibodi, kiyoyozi kikinguruma juu ya vichwa vyao, na jibu lilikuwa mdomoni, biashara, biashara bila shaka, lilikuwa mdomoni tangu asubuhi alipokuwa akivaa viatu, lakini mumewe, pale kwenye kiti cha pili, alikuwa ametoka kusema "Sawa tu," na hiyo sawa tu… kampuni ya ukodishaji inanunua boti, ndivyo mshauri alivyoeleza, boti inabaki mali yao, kiwanda chako kinaichukua kwao na kulipa kila mwezi, mkataba ukiisha mnaweza kuinunua kwa bei ya kutupa, na kwa kuwa kiwanda kitakuwa kinaikodisha kwa wateja wa matembezi, kodi ya ongezeko la thamani mnarudishiwa, kisheria kabisa, safi, ila jambo moja, mzee akitaka kuitumia mwenyewe itabidi aweke nafasi na alipe kama mteja mwingine yeyote, tena asizidishe, wakaguzi hawapendi, na hapo ndipo mzee alipotabasamu na kusema sawa tu, haraka mno, kama mtu anayempisha mwenzake mlangoni, na mkewe anaijua sawa tu hiyo, aliisema walipohamia nyumba iliyo karibu na kiwanda wakaiacha ile ya ghorofani iliyotazama maji, aliisema binti yao alipopewa jina la mama mzazi wa mkewe, ni neno lake la kumezea mambo… mteja, mteja ndani ya boti yake, mtu aliyekuwa rubani wa bandari maisha yake yote ya kazi, aliyepelekwa nje kuilaki kila meli inayoingia, apande ngazi ya kamba ubavuni mwake, mvua inyeshe isinyeshe, aiongoze kwenye mkondo mwembamba katikati ya miamba mpaka gatini, kisha nahodha ampe mkono, asante sana rubani, ashuke, arudi nyumbani kola inanuka dizeli, "Leo ilikuwa ya nani?" angemuuliza akimpakulia chakula, naye angesema meli ya ngano, meli ya mbao, meli ya magari, zote za watu, hakuna hata moja aliyopewa aipeleke anakotaka yeye, na alipostaafu hakutaka sherehe wala saa ya ukutani, alitaka boti, ndogo tu, yenye kitanda na jiko la kuchemshia chai, na ni yeye mkewe aliyesema tutainunua, lakini tuinunue kwa akili… "Bosi ni huyu hapa," mzee alikuwa akimwambia mshauri, "mimi nikiambiwa kaa mbele nakaa mbele, nikiambiwa rudi nyuma narudi nyuma," mshauri akacheka, na yeye mkewe akacheka kwa kuwa wote wanacheka, ila halikumchekesha, kwa sababu nyumba ni ya kiwanda, na gari ni la kiwanda, na hata simu iliyo kwenye mfuko wa shati la mumewe ni ya kiwanda, mwaka baada ya mwaka amekuwa akiipunguza kodi na kujisifu mezani mbele ya mashemeji, na mtu huyu hana hata kijiko kilichoandikwa jina lake, jamani, amemfanya nini huyu mwanaume… lakini hapana, aseme ukweli japo kwa nafsi yake, wala si kodi, kodi wangeimudu, kiwanda hakiyumbi kwa boti moja, alishapiga hesabu hiyo jikoni akiwa peke yake na kuinyamazia, kumbe kilichompendeza ni ile habari ya kuweka nafasi, ratiba, jina la mzee kwenye ratiba na siku ya kurudi, kwa sababu mtu aliyeishia kwenye mlango wa bandari maisha yake yote, siku akipewa chombo chake na hakuna wa kumwambia sasa shuka, ataenda wapi, na atarudi lini, na je atarudi… aliogopa, ndiyo, mwanamke mzima anayewatetemesha mafundi wa mitambo aliogopa kuachwa na mzee mwenye goti bovu, akauita woga wake ubanaji matumizi, na aibu ikampanda mpaka masikioni.

"Mama?" mshauri alisema, kwa adabu, na mumewe alikuwa akitazama dirishani, ukuta mtupu wa jengo la pili, akiutazama kwa subira kana kwamba una kitu, na akisema binafsi basi hakuna kodi itakayorudi hata senti, wataitoa fedha yote wenyewe, boti itaandikwa jina la mzee peke yake, na asubuhi yoyote atakayoamka akiwa na hamu atafungua kamba aondoke bila kumwomba mtu ruhusa, hata yeye mkewe, hasa yeye, na kwa mara ya kwanza tangu waoane hakujua mtu huyu angefanya nini akiachiwa, hakujua kabisa, na kidole cha mshauri kikiwa bado kinasubiri aligundua, hofu ikiwa palepale kifuani, kwamba anatamani mno kujua.