Miche ya Kombe la Pwani Njema

Esteri hakumwamini Ridhiwani tangu siku ya kwanza. Mtu ana hoteli mbili Kasulu na moja Kibondo mjini, mchuzi wake anaupima kwa kijiko, leo aje Murungu na mipira, jezi na magodoro ya zahanati, bure? Bure gani hiyo!

Na hayo mashindano yake, Kombe la Pwani Njema, kwa jina la hoteli zake, yalichezwa kwenye shamba la Esteri. Marehemu mumewe ndiye aliyewaruhusu vijana walichezee, na baada ya mazishi Esteri hakuwa na moyo wa kuwafukuza. Ukiacha kijishamba cha maharage nyuma ya nyumba, hakuwa na ardhi nyingine. Likimponyoka hilo, ataishi kwa kuomba.

"Anataka shamba langu," alimwambia Tharsisi, mdogo wa marehemu, meneja wa hoteli ile ya Kibondo. Kila Jumapili Tharsisi alipita kwake kunywa chai.

"Ego, shemeji," Tharsisi akakubali, akipuliza kikombe. "Watu wa pwani hawatoi kitu hivihivi. Mchunge sana yule. Siku ya fainali anataka kupanda miti kuzunguka uwanja."

Esteri akatua birika chini. Kwao Murungu anayeazima shamba hulima mahindi, akavuna, akaondoka. Akipanda kitu cha kudumu, hata mgomba mmoja, amesema shamba ni lake, na mwenyewe akinyamaza mbele ya wazee, basi limekwenda.

"Usihofu," Tharsisi akasema. "Nimemshawishi nipande mimi. Mimi si mgeni, ni damu yenu."

Esteri alishukuru mpaka machozi yakamlenga, akamwongezea sukari.

Siku ya fainali, Novemba 2014, Esteri hakuigusa pilau. Wazee walikaa mbele na sahani zao. Miche ishirini ya migrevilea ilipangwa pembeni mwa uwanja, mashimo yakiwa tayari. Kipaza sauti kilipoita jina la Tharsisi, Esteri akasimama. Mti wa shemeji nao ni mti. Kama ni kupanda, si apande mwenye shamba?

Akamwendea Ridhiwani meza kuu, tayari kwa ugomvi.

"Nipe jembe, tajiri. Shamba langu, miti nipande mimi."

Ridhiwani alisimama huku anacheka. "Alhamdulillahi! Mgongo umepona, mama? Hilo ndilo nililotaka tangu mwanzo. Meneja akaniambia huwezi kuinama, na shamba umemwachia yeye."

Asubuhi ile Esteri alikuwa ameinama akipalilia maharage mpaka jua lilipokuwa kali. Aligeuka. Tharsisi alikuwa amepiga magoti kwenye shimo la kwanza, mche mkononi, hainui uso. Wazee waliacha kutafuna.

Aibu ilimshika kabla ya hasira. Miezi mitatu amemchunga mgeni, huku akimkorogea mwizi chai!

"Shemeji," alisema, na sauti yake ikasikika mpaka golini, "kila nilipokuambia kuna mtu anataka shamba langu, ulikubali upesi mno. Lete huo mche."

Tharsisi hakuachia. Esteri akavuta, naye akavuta. Mzee mmoja akaweka sahani chini, kisha wa pili, kisha wote. Hapo vidole vya Tharsisi vikalegea.

Esteri alipanda yote ishirini kwa mkono wake. Mechi ilichelewa saa nzima na hakuna aliyelalamika. Alipofika kwenye mche wa mwisho, ambao ulikuwa umepinda, Ridhiwani akachuchumaa kumsaidia. Esteri akampa aunyooshe.

"Shika tu," akamwambia. "Kufukia nafukia mwenyewe."