Waya Kumi na Moja za Aneth

Immaculata hakuwa mtu wa kuchezea radi. Alipokuwa mtoto, wingu likianza tu kujikunja upande wa Mamba, mama yake alikuwa anafunika kioo kwa kanga, anazima redio, anawakalisha watoto chini, na ole wake atakayegusa chuma. Sasa ana miaka sitini na minne, ana nyumba yenye umeme pale Nsemulwa, ana televisheni na friji, yaani ana vitu vingi zaidi vya kuchomoa. Jumatano ile mchana, ngurumo ya kwanza ilipolia, alipita nyumba nzima mbio mbio. Televisheni, chomoa. Friji, chomoa. Kioo, funika. Kisha akafika kwenye meza ya Aneth.

Aneth ni binti wa kaka yake, Ambrosi. Alikuwa amekuja kutoka Dar kwa wiki mbili kumuona baba yake, na kwenye begi alikuja na kidude cheusi kisichozidi ukubwa wa misale ya padri, kimejaa vitundu na vitufe vya kuzungusha. Mwenyewe alikiita sinthesaiza. Immaculata alikiita kinanda kisicho na meno. Waya kumi na moja za rangi zilitoka tundu hili zikaingia tundu lile, vurugu tupu, na Aneth alidai huo ndio muziki anaofanya, muziki wa majaribio, na watu mjini wanakaa chini kuusikiliza.

"Watu wazima?" Immaculata aliwahi kuuliza. "Wanakaa chini kusikiliza friji?"

Basi siku hiyo ya radi alizichomoa zote kumi na moja, kwa adabu zote, moja moja. Akazipanga kwa rangi, akazifunga na uzi. Akapangusa vumbi. Vile vitufe akavirudisha vyote kushoto mpaka mwisho, kama mtu anavyozima jiko la gesi, halafu akakifunika kidude kwa kitenge chake cha kanisani, kile kizuri. Na mvua yenyewe wala haikunyesha! Ilipita zake ikaenda kumwagika Kasansa.

Aneth alirudi kutoka sokoni, akainua kitenge, akakaa sakafuni palepale na mfuko wa nyanya mkononi.

"Shangazi, nani kachomoa?"

"Mimi, mwanangu. Radi ingekuunguzia kinanda. Ona, nimekupangia na waya."

Binti hakugomba. Afadhali angegomba. Aliinamisha kichwa akaanza kulia, na hapo ndipo Immaculata alipoelewa amefanya nini.

Maana kilio kile hakikuwa cha kinanda. Ambrosi, aliyekuwa mrina asali maisha yake yote katika misitu ya Inyonga, alipigwa na kiharusi miezi mitano iliyopita. Upande wa kulia ukalala, na maneno yakakatika. Daktari alisema ulimi wake unaweza kurudi, ila mwenyewe lazima atake, na Ambrosi hakutaka. Alilala ameelekea ukutani. Uji alikunywa vijiko vitatu, akafunga mdomo. Immaculata, aliyemhamishia kwake amuuguze, alikuwa ameshaanza kumuona kaka yake akiondoka kidogo kidogo, naye hana pa kumshikia.

Halafu Jumanne, siku moja tu kabla ya radi, Aneth alikuwa anachezea vitufe vyake, kidude kikatoa mvumo mzito, wa chini, unaotetemeka ndani kwa ndani. Chumbani Ambrosi akageuka. Akageuka mwenyewe, jamani! Aneth akambebea spika mpaka kitandani, na mzee akaweka kiganja cha kushoto juu yake, akafumba macho, akaanza kuvuma pamoja nayo kooni. Mvumo wa nyuki. Jioni ile alimaliza bakuli zima la uji. Immaculata alikwenda kusimama nyuma ya nyumba akalia peke yake kwa furaha.

"Si ulirekodi?" Immaculata aliuliza sasa.

"Umeme ulikatika, shangazi. Nikasema nitarekodi leo."

"Basi rudisha waya. Uliziweka wewe, unazijua."

"Sizijui. Hii mashine haina kumbukumbu. Haihifadhi kitu. Sauti ni hizo waya zenyewe na vitufe vilivyokaa pale vilipokaa. Ukitoa, imekwenda."

Nyie, kuna kuvunja sahani ya mtu, na kuna hili. Immaculata aliingia chumbani, akapiga magoti kando ya kitanda. "Kaka, ni mimi. Nyuki wako nimewatawanya mimi. Nisamehe." Ambrosi alikuwa ameshageukia ukuta.

Alhamisi yote Aneth alihangaika. Bila waya kidude kililia honi ya lori, mlio kiliozaliwa nao kiwandani. Akaweka waya, kikalia kama mbuzi. Akabadilisha, kikanguruma kama mashine ya kusaga. Kila alipohisi amekaribia alibeba spika kwa baba yake, na kila mara mzee aliondoa mkono wake. Mara ya tano hakuutoa hata chini ya shuka. Na Jumamosi asubuhi Aneth alitakiwa kupanda basi kurudi kazini.

Ijumaa mchana Immaculata alikuwa anachagua mchele mlangoni, anasikiliza. Ghafla akasema, "Hao hawana malkia."

"Nini?"

"Hao nyuki wako. Wanalia. Mzinga uliopoteza malkia unalia hivyo, unavuta, haunyamazi." Akaweka ungo chini. Hakuwa amekumbuka jambo hilo miaka hamsini. Alikuwa binti wa miaka kumi na mbili, anamfuata kaka yake porini, yeye ndiye mbeba moshi wa kutuliza nyuki, anasimama chini ya mti. Ambrosi alikuwa anapanda mtini, anagonga gogo la mzinga kwa kifundo cha kidole, anatega sikio. Mzinga wenye afya ukigongwa unajibu mara moja, vuuu, halafu unatulia. Ambrosi alimfundisha kusikia hilo wakati wanawake wengine hawakufundishwa, na watu wakamcheka, naye akasema huyu ana masikio, nyie mna nini?

"Shusha," Immaculata alisema. "Shusha tena. Sasa ufanye ijibu halafu itulie."

Aneth akahamisha waya ya njano. Akazungusha. "Hivi?"

"Hao ni wachache. Ongeza watu."

Aneth alicheka, kwa mara ya kwanza tangu Jumatano, akaongeza watu. Walikwenda hivyo mpaka saa kumi, shangazi akiamuru, binti akizungusha, na mchele ukaliwa na kuku. Mwisho Immaculata akasema, "Hapo masikio yangu yamefika mwisho. Imekaribia. Lakini haijawa."

Wakabeba kila kitu mpaka chumbani, si spika tu, na kidude chenyewe na waya zake, wakaviweka kwenye stuli kando ya kitanda. Immaculata akautoa mkono wa kaka yake chini ya shuka akauweka juu ya spika. Ambrosi alisikiliza. Uso wake ukakunjamana, kiganja kikainuka, na Immaculata akasema moyoni, basi tena, tumemkosa.

Ila mkono haukurudi chini ya shuka. Ulibaki hewani, unatafuta. Aneth akaelewa upesi, akaushika, akakiweka kidole cha baba yake juu ya kitufe kikubwa.

Mzee akazungusha. Taratibu sana. Mvumo ukashuka, ukapanda kidogo, ukashuka tena. Akahamia kitufe cha pili, bila kuonyeshwa na mtu, akakigusa tu. Haikuwa sauti ya Jumanne. Immaculata alijua hilo mara moja, kwa sababu hii ilikuwa nzuri zaidi. Ilijibu, ikatulia. Ilijibu, ikatulia. Ambrosi akakunja kidole akagonga spika mara mbili kwa kifundo.

"Umejaa," alisema.

Neno lilitoka limepinda, zito, lakini ni neno. Aneth alijiziba mdomo kwa mikono miwili. Mzee hakumtazama. Alikuwa anamtafuta mtu mwingine kwa macho, upande wa mlangoni, na alipompata akakunja uso kama kaka mkubwa anayecheleweshwa kazi.

"Ima," alisema. "Moshi."

Immaculata alikimbia jikoni na magoti yake mabovu, akachomoa kijinga cha moto mafigani, akakifunga nyasi mbichi kama alivyofundishwa, akapuliza mpaka machozi yakamtoka, na mengine hayakuwa ya moshi. Kisha akarudi nacho chumbani, nyumba nzima ikafuka, Aneth anakohoa, majirani wanaita kuuliza kuna nini. Akasimama chini ya kitanda cha kaka yake, upande wa miguuni, palepale anaposimama mbeba moshi.

"Niko hapa, kaka," alisema. "Panda tu."