Nyasi za Mama Mkwe

Kokulinda alipoondoka Mwanza kwa meli na mtoto wao Winnie, akipeleka jeneza la mama yake kuzikwa kwao Bukoba, alimwachia mume wake neno moja tu. Alilisema gatini, watu wakisukumana na mizigo: asikiguse chumba cha mama. Akirudi atalala humo siku moja, juu ya nyasi alizolalia marehemu, zilizotandikwa sakafuni kwa desturi ya Wahaya, kisha ataziondoa kwa mkono wake mwenyewe. Mayala akaitikia. Siku hizo alikuwa anaitikia kila kitu.

Tangu kiwanda cha nguo kiuzwe naye apunguzwe kazi, ganzi ilikuwa imemkaa mwilini. Hata msiba haukumtoa chozi. Alibeba jeneza, akala ubwabwa, akarudi nyumbani Ilemela akalala.

Siku ya tatu akaja Luhaga, aliyekuwa mwenzake kiwandani, na habari za mabondo. Viwanda vya minofu vilikuwa vimefunguliwa ufukweni, na sangara hakuwa tena na kitu cha kutupwa. Minofu ilipanda ndege, vichwa na mifupa walikula wenyeji, na ile mifuko ya hewa ya tumboni, ndiyo mabondo, ilikaushwa ikanunuliwa na watu wa mbali. Luhaga alileta ndoo mbili mbichi. Kazi ya Mayala ilikuwa kukausha tu.

Kukausha kunataka jua, na masika yakaanza jioni ileile. Sebule ilivuja. Chumba chao kilivuja. Chumba kikavu kilikuwa kimoja.

Alifunga waya kutoka dirishani hadi mlangoni, akaanika, akatoka. Chini hakutazama. Kwa Wasukuma mkwe hakanyagi anapolala mama mkwe wake, na kwa miezi saba aliyougua bibi yule hapo nyumbani, Mayala hakuwahi kuvuka kizingiti kile. Alimpa shikamoo akiwa ukumbini, uso ameugeuza pembeni. Hata sasa, mwenye chumba ameshazikwa, aliingia akitazama dari.

Siku ya tano tangu aanike, harufu ikamwita. Ute na damu vilikuwa vimedondokea nyasi siku zote hizo, na funza walikuwa wanatembea ndani yake kama punje za mchele. Alisimama akiwatazama kwa muda mrefu. Hakuchukizwa. Aliwaza tu kwamba ile ni Alhamisi, na meli ya Kokulinda inaingia Jumamosi asubuhi.

Akazoa nyasi zote kwa koleo, akazitupa korongoni nyuma ya mawe, ambako maji ya mvua yalikuwa yanateremka kwa nguvu kwenda ziwani. Mabondo yaliyooza akamrudishia Luhaga. Akasugua saruji kwa majivu, akarudia kwa sabuni ya mche, akachoma majani ya mkaratusi mpaka macho yakamtoka machozi, ya moshi. Ijumaa akachukua mundu, akaenda hadi Buswelu, akakata nyasi ndefu za kijani na kurudi na mzigo kichwani.

Jirani yake Paskazia alikuwa barazani anapepeta mchele.

"Shemeji, umenunua ng'ombe?"

"Za mama Winnie hizi."

"Mama Winnie anakula nyasi siku hizi? Kweli haya mageuzi yametufikisha mbali."

Alicheka peke yake. Mayala akamwomba, mkewe akiuliza, aseme hakuona kitu. Paskazia akauweka ungo chini. Akamwambia kweli macho yake hayakuona kitu, ila pua imeona, na njia ya mwongo ni fupi.

Alizitandika kama alivyotandika kwenye zizi la ndama la baba yake, huko Magu, enzi za utoto: shika, kung'uta, tawanya. Zikakaa nene na laini. Ilikuwa miezi mingi tangu ajione amefanya kazi.

Kokulinda alifika amekonda, kichwa kimenyolewa. Winnie alikuwa amemwacha Bukoba kwa mjomba. Alikataa uji, akavua viatu, akaingia chumbani kwa mama yake. Mayala akabaki ukumbini kama ilivyokuwa desturi yake. Mkewe akamwita kutoka ndani.

"Baba Winnie, njoo."

Akaja hadi kizingitini.

"Ingia. Aliyekuwa anakuzuia hayupo."

Akaingia. Mkewe alikuwa amesimama pembeni kabisa ya ukuta, hajazikanyaga.

"Nyasi za kwetu hazimwagwi," alisema taratibu. "Vichwa vyote vinatazama mlangoni, shina la hii chini ya kichwa cha ile. Mama alizipanga mwenyewe. Hawezi kusimama, anajivuta kwa makalio kurudi nyuma. Zilimchukua siku tatu."

Mayala akasema alizibadilisha kwa sababu zilinyeshewa. Kokulinda akainua macho kwenye dari kavu. Waya ulikuwa bado umening'inia pale, na bondo moja limegandia katikati, gumu kama kucha. Mayala alikuwa ameusahau.

"Ziko wapi?"

"Korongoni. Maji yameshazichukua."

Akamweleza yote, Luhaga, ndoo, mvua, funza. Aliyaeleza kama mambo ya mtu mwingine aliyoyasikia njiani. Kisha akangoja matusi. Yangemsaidia.

"Ungeniachia hao funza," Kokulinda alisema. "Ningewatoa mmoja mmoja. Nimewazoea. Nimemwosha vidonda miezi saba."

Akamwambia hizi za kijani azipeleke kwa mwenye ng'ombe. Mayala akazibeba kifungu kwa kifungu, akipita mbele ya baraza la Paskazia, na Paskazia safari hii hakumtania. Kifungu cha mwisho kilipotoka alifagia, akaukata waya, akachungulia kwenye nyufa za saruji kama kuna hata unyasi mmoja wa zamani uliobaki. Alikuwa amesugua vizuri mno.

Kokulinda akalala pale pale mchana ule, juu ya saruji tupu, kichwa ameelekeza mlangoni. Hakutandika hata mkeka. Mayala alisimama nje ya kizingiti akimtazama utosi ulionyolewa.

Mvua ikaanza tena juu ya bati. Akaenda kutafuta beseni la kukinga sebuleni.