Ubao Mtupu

Mfagiaji wa chumba cha kubadilishia nguo alikuwa akisukuma maji ya matope kuelekea mferejini alipokuta ndala chini ya benchi. Ndala za bluu, moja imeungwa kwa waya. Zilikuwa za Mzee Kimya, fundi wa kuegemeza dari za mgodi kwa magogo, mtu wa miguu mizito anayetoka wa mwisho kila siku. Wenzake walikwisha kuoga na kupanda lori. Na hakuna anayepita getini na mabuti ya kampuni.

Alitupa fagio akakimbilia mdomo wa mgodi, kwenye ubao wa misumari. Anayeshuka hutundika hapo kibati chake chenye namba, anayepanda hukiondoa. Kibati kikiwepo, baruti hailipuliwi. Ubao ulikuwa mtupu, na baruti ilikuwa ya saa nane kamili.

Alijua kilichotokea, kwani wote walikuwa wakifanya. Foleni ya vibati ni ndefu, lori halisubiri, basi watu huchukuliana vibati. Alilikimbilia lori akauliza nani amemchukulia mzee kibati. Mchimbaji mmoja, jirani wa Mzee Kimya, aliinamisha kichwa.

"Aliniambia yuko nyuma yangu," alisema.

Msimamizi alikuja taratibu, daftari kwapani. Alimuuliza mchimbaji kama kweli amechukua kibati cha mtu, akamkumbusha kwamba adhabu yake ni kufukuzwa siku hiyohiyo. Mchimbaji akasema hapana, labda mama mfagiaji amemsikia vibaya. Mfagiaji alimwonea hasira, halafu huruma, halafu hasira tena.

"Umesikia mwenyewe, mama," msimamizi alisema. "Siwezi kusimamisha kazi kwa ajili ya ndala."

"Basi piga simu huko chini."

"Simu ya chini mbovu tangu mwezi jana. Nimeshaandika barua."

Zilibaki dakika tisa. Mlipuaji wa baruti alikuwa ameshika ufunguo wa mtambo wa kulipulia, macho kwenye saa. Kazi hii mfagiaji aliisotea miezi saba kabla ya kuipata. Akavuta kamba shingoni, akatoa kibati alichopewa siku ya kuajiriwa, namba mia mbili na sita, ambacho hakijawahi kuguswa na msumari. Akakitundika.

"Andika," alisema. "Kuna mtu ndani."

Akanyakua kofia na taa, akaingia mgodini akimwita mzee kwa sauti yake yote.

Mlipuaji akautia ufunguo mfukoni. Msimamizi akafungua daftari, akaandika mia mbili na sita, kisha akabaki na kalamu hewani. Miaka mitatu alikuwa akimwita mama tu, na jina lake hakulijua.