Ujumbe kwa Mzee Haugen

"Tikisa kichwa," Verlon Tackett, mtunza vifaa, alisema.

Kijana alitikisa. Helmeti ilicheza kidogo upande wa kushoto. Verlon aliingiza sindano ya pampu kwenye tundu dogo la kisogoni, akajaza upepo, kisha akashika vyuma vya usoni na kumyumbisha kijana huku na huku, kama mtu anayejaribu mlango kama umefungwa. Safari hii helmeti na kichwa vilikwenda pamoja.

"Inabana, mzee."

"Ndiyo kazi yake. Ukiona raha, ujue haijakaa."

Waliokuwa kwenye foleni walicheka. "Huyo mpe ndoo," mmoja akasema. "Kichwa chote hicho, na bado anasahau akimbilie wapi."

Lilikuwa juma la mwisho la mazoezi ya majira ya kuchipua ya timu ya chuo ya mpira wa Kimarekani, na upepo wa Kansas ulikuwa ukipiga mabati ya jukwaa juu ya chumba cha vifaa tangu asubuhi. Ukuta wa ukumbini ulikuwa umepakwa rangi mpya, nyeupe tupu. Mwezi wa pili kocha mpya, Brandt Kessinger, alikuwa ameagiza picha za timu za zamani zitolewe, na Verlon ndiye aliyezibeba hadi stoo, moja moja, akiwa amezigeuza uso ukutani. Katika karibu kila picha alisimama Orrin Haugen, kocha wa zamani, katikati, kofia mkononi. Chuo kilikuwa kimemwachisha kazi Novemba, baada ya misimu mitatu ya kupigwa nje na nyumbani.

Vijana walipokwisha kutoka, Kessinger aliingia. Alikuwa mtu mrefu wa miaka arobaini hivi, mtafunaji wa chingamu, asiyepaza sauti.

"Tackett, njoo kidogo."

Walisimama kwenye mlango unaotazama uwanja. Kessinger alielekeza kidevu upande wa kaskazini, nje ya uzio, ambako pikapu ya kijivu ilikuwa imeegeshwa. Nyuma yake, miguu ikining'inia, aliketi mzee Haugen na chupa yake ya kahawa.

"Anakuja kila siku," Kessinger alisema. "Simlaumu. Ningekuwa mimi, ningekuja pia. Lakini kijana akidondosha mpira, unafikiri ananitazama mimi? Anatazama kule. Kila mmoja wao."

Verlon alitazama kule. Alikuwa ameliona hilo.

"Mwombe anipe nafasi mpaka Jumamosi. Ni hizo siku chache tu. Jumamosi kwenye mechi yetu wenyewe kwa wenyewe aje, akae hata kando ya uwanja. Mwambie ni mimi niliyeomba. Ningekwenda mwenyewe, lakini timu nzima itakuwa inatukodolea macho, ionekane namfukuza. Wewe ni rafiki yake."

"Sawa, Kocha."

Kessinger alikwisha kugeuka kwenda zake. Hakuna aliyekuwa amemuuliza Verlon neno zaidi. Lakini alijisikia akisema, "Hata mimi nilikuwa nimeona haifai."

Kessinger alimtazama kidogo, akaendelea kutafuna. "Sawa," akasema, akaenda.

Verlon alipita nyuma ya magoli polepole, maneno yake mwenyewe yakimfuata. Hata mimi nilikuwa nimeona. Alikuwa ameona nini? Kila siku aliwahi kufika ili apate dakika za kusimama pale kwenye uzio na kupiga soga na yule mzee.

Kiwanda cha nyama alikofanya kazi kilipofungwa, miaka mingi nyuma, Verlon alikunywa mpaka mkewe Lorene akahamia kwa dada yake, na mwishowe akawa analala ndani ya gari lake nyuma ya jukwaa hili hili, kwa sababu pale palikuwa na kinga ya upepo. Asubuhi moja ya barafu Haugen aligonga kioo. Hakumuuliza jina. Alisema, "Unajua kufua?" Akampa ufunguo wa chumba cha mashine, akamwonyesha kilipo kitanda cha wagonjwa na blanketi. Baadaye alimpeleka mwenyewe kwenye mikutano ya walevi wanaoacha, akawa anamsubiri ndani ya pikapu huku akisoma karatasi zake za mbinu za mchezo. Lorene alirudi majira ya joto yaliyofuata. Mambo hayo Haugen hakuwahi kuyataja tena, hata kwa utani.

"Lete habari," Haugen alisema alipomwona anakaribia. "Braddock bado anainua kiuno kabla ya wakati?"

"Kidogo."

"Mwambie aweke uzito..." Akasita, akacheka. "Hapana, usimwambie kitu. Ana kocha."

Verlon alishika waya wa uzio. Ulikuwa baridi. "Kocha," akasema, maana jina jingine la kumwita hakuwa nalo, "kuna jambo."

Mzee alimtazama usoni, na tabasamu likapungua bila kuondoka. "Umetumwa. Ni Kessinger?"

Njia ilikuwa imefunguliwa wazi mbele yake. Alichotakiwa kusema ni ndiyo, kisha Jumamosi, kisha kando ya uwanja. Lakini neno hilo, umetumwa, lilimwingia vibaya. Alijiona kama mzee alivyomwona: amevaa koti jipya lenye nembo mpya ya timu, ametoka upande ule wa uzio kuja upande huu kuleta amri ya mwenye nyumba mpya.

"Hapana," akasema. "Kessinger hajali."

"Ni nani, basi?"

"Ni wavulana."

Haugen alibaki na kikombe nusu ya njia kwenda mdomoni.

"Wanasema hawajiachii ukiwa hapa," Verlon aliendelea, na alistaajabu jinsi maneno yalivyokuwa yakija yenyewe. "Wanajihisi kama wanapimwa. Waliona haya kukuambia."

"Wote?"

"Wengi wao."

"Braddock?"

Verlon alitazama viatu vyake. Isom Braddock alikuwa nahodha, jitu la kijana lililochezea mstari wa mbele, lililolelewa na bibi yake huko Wichita. Bibi alipofariki, Haugen ndiye aliyesimama naye kaburini.

Verlon aliitikia kwa kichwa.

Mzee alimwaga kahawa kwenye majani, akafunga chupa taratibu, akaendelea kuzungusha kifuniko hata kilipokwisha kukaza. "Wamefanya vizuri kusema," akasema. "Na asante kwa kuja wewe. Ingeniuma zaidi kutoka kwa mtu mwingine."

Alishuka na kuingia nyuma ya usukani. Uwanjani mtu aliuliza kwa sauti, "Kocha Haugen anakwenda wapi mapema hivi?" Filimbi ikalia, na wakarudi kwenye mistari yao.

"Alipokeaje?" Kessinger aliuliza baadaye.

"Vizuri."

"Ulimwambia habari ya Jumamosi?"

"Nilimwambia."

Kesho yake Braddock alikuja chumba cha vifaa akiwa na helmeti mkononi. Kichuma kimoja cha uso kilikuwa kimepinda. Alijibwaga juu ya kreti, na kreti likalia.

"Mzee, nikuulize. Kocha Haugen ana nini?"

"Kwa nini?"

"Kocha Kessinger amekubali Kocha Haugen arushe sarafu Jumamosi, mwanzo wa mechi. Sisi manahodha tulikwenda kumwomba, na hakubisha hata kidogo. Nikampigia mzee simu. Unajua alivyonijibu?" Alipunguza sauti, akaiga ule uzito wa koo la Haugen bila kucheka. "'Naelewa, mwanangu. Msijilazimishe. Sina kinyongo na nyinyi.' Kinyongo cha nini? Nimemkosea nini mimi?"

Verlon alikuwa akilegeza skrubu. Bisibisi iliteleza, ikachora mstari mweupe kwenye rangi ya helmeti.

"Wazee," akasema. "Pengine amechoka."

"Hakuwa na sauti ya mtu aliyechoka." Braddock alikuna shingo. "Nimefikiria kila kitu. Pengine ni kwa vile nilisema kwenye gazeti kwamba mbinu mpya ni nzuri. Nilisema hivyo tu, mzee. Sikusema za zamani zilikuwa mbaya."

"Si hilo."

"Unajuaje?"

Verlon aliinama juu ya kile kichuma. Chumba kilinuka sabuni na jasho na mpira mpya. Alikuwa na nafasi ya pili, nayo ilikuwa imeketi mbele yake kwenye kreti, magoti yamefika kifuani. "Nadhani tu," akasema.

"Nyinyi wawili mnasikilizana. Ukimwona, muulize nimefanya nini. Niambie hata kama ni kitu kibaya." Kijana alichukua helmeti, akaona ule mchoro, akaupitishia kidole gumba. "Usijali hii. Jumamosi itapata mingine."

Nyumbani Lorene alimuuliza kwa nini hali chakula, akasema tumbo. Akamuuliza tena kitandani, akajifanya amelala.

Jumamosi watu walijaa nusu ya jukwaa, wamejifunika mablanketi. Braddock alikuwa amefungua kiti cha kukunja kando ya uwanja kwa mkono wake mwenyewe, hata baada ya simu ile. Kessinger alikitazama kiti, akatazama lango, akamwambia mwamuzi asubiri kidogo. Walisubiri. Wachezaji walipasha misuli moto mara ya pili. Upepo ulikiangusha kiti. Verlon alikiinua, ukakiangusha tena. Mwishowe mke wa mkuu wa chuo ndiye aliyerusha sarafu, na upepo nusura uichukue.

"Una hakika ulimwambia ni mimi niliyeomba?" Kessinger alimuuliza wakati wa mapumziko, kwa upole wake ule ule.

"Kocha," Verlon alisema, na hapo mtu akaita kwamba kamba ya kiatu imekatika, naye akakimbilia huko kama aliyeokolewa.

Mechi ilipokwisha aliacha jezi chungu nzima sakafuni, mbichi kwa tope, jambo ambalo hakuwahi kulifanya. Aliendesha hadi nyumba ya Haugen, ng'ambo ya njia ya reli, na alipofika hakuzima gari mpaka mzee alipogeuka.

Haugen alikuwa uani, akimwagilia kwa mpira wa maji kipande cha nyasi kilichopandwa juzi. "Nani kashinda?" aliuliza.

"Wa jezi nyeupe. Kocha, nilikudanganya."

Maji yaliendelea kutoka.

"Wavulana hawakusema kitu. Hakuna hata mmoja. Alikuwa Kessinger, na yeye aliomba siku zile chache tu, kisha uje leo ukae nasi. Alinituma nikwambie kwa upole. Mengine yote nilitunga mimi."

"Na Braddock?"

"Yeye ndiye aliyekuwekea kiti."

Haugen alihamisha maji kutoka mahali palipojaa, akayapeleka pengine. "Kwa nini?"

"Niliogopa utaniona mtu wake."

"Wewe si mtu wake?"

Verlon alitafuta jibu la kumpendeza, akaona ndiko alikopotelea tangu mwanzo. "Ni kocha wangu sasa," akasema.

"Ubaya uko wapi hapo? Hilo ningelimeza na kahawa yangu." Mzee hakuwa amepaza sauti. "Siku zote hizi nimekaa ndani nikijiuliza nilimfanya nini yule kijana. Nimepitia kila mwaka wake, Verlon. Nilidhani pengine ni pale kaburini, pengine nilisema neno."

"Naye anajiuliza alikukosea nini."

"Umemwambia?"

"Bado."

Haugen aliuweka mpira chini, na maji yakaanza kutambaa kwenye saruji. Alijifuta mikono kwenye suruali, akatoa simu mfukoni, akaitafuta namba akiwa ameiweka mbali na macho. Verlon alidhani atazungumza mwenyewe. Lakini mzee aliibonyeza, akasikiliza kama inaita, kisha akampa.

"Si mimi wa kumwambia," akasema, akaenda kukaa kwenye ngazi ya nyumba yake.

Simu iliita. Maji yalifika kwenye viatu vya Verlon, yakazunguka visigino, yakaendelea kuelekea barabarani. Hakusogea. Kisha upande wa pili ukapokewa, kukasikika kelele za vijana, na mlango ukifungwa juu ya kelele hizo.

"Kocha?" Braddock alisema, mbiombio, kwa sauti ya mtoto aliyefunguliwa mlango. "Kocha, ni wewe?"